Stoo ya Makaa ya Hurlingham

Miaka ile ya elfu mbili na kitu nilikuwa karani katika ofisi moja ya katikati ya jiji iliyopewa kazi ya kulinda majengo ya kihistoria. Tulikuwa watu sita kwenye ghorofa ya nne, na tulilinda kwa bidii. Hakuna faili lililowahi kuguswa bila sababu. Majengo yenyewe tulimwachia Mungu.

Ndipo zikaanza kuja barua za Mwalimu. Alikuwa mjane, mwalimu mstaafu, akiishi mtaa wa Hurlingham katika nyumba ya mawe iliyokuwa ya daktari Mzungu. Baba mkwe wake alikuwa mpishi wa huyo daktari, na wakati wa Hali ya Hatari ya wakoloni aliwaficha wanaume wawili waliokuwa wakisakwa na askari kwenye stoo ya makaa kwa majuma kadhaa, huku daktari akinywa supu yake hatua chache tu kutoka hapo. Baada ya uhuru mumewe Mwalimu aliinunua nyumba. Sasa alikuwa amejitokeza bwanyenye mmoja mwenye hati ya kiwanja hichohicho, hati mpya ajabu, akitaka kujenga maghorofa. Mwalimu alituomba tuiandikishe nyumba ili isibomolewe.

Barua ya kwanza tuliigonga muhuri wa kupokelewa. Ya pili vivyo hivyo. Ilipofika ya saba, mkubwa wetu akaamua kwenda nami kuona, nadhani kwa sababu siku hiyo gari la ofisi lilikuwa na mafuta.

Sebuleni alipapenda mahali pa kuotea moto, akapapima mara mbili. Mwalimu akatuongoza nyuma hadi kwenye stoo. Mkubwa aliingiza kichwa, akakitoa, akapangusa koti.

"Hapa hakuna historia, Mwalimu," akasema. "Ni makaa tu."

"Waliolala humo walikuwa watu," Mwalimu akajibu.

Mkubwa aliandika kitu kwenye daftari lake. Baadaye nilichungulia: "Mahali pa moto, pazuri sana." Kabla hatujaondoka alimwonya Mwalimu asibadilishe chochote, hata kigae kimoja cha paa, mpaka kamati ya kuandikisha majengo ikae.

Mvua ilifika kabla kamati haijakaa. Vigae vya zamani vilivuja mpaka kitandani, na kila Mwalimu aliponipigia simu nilimweleza mkubwa, naye akanieleza kuhusu kamati. Mwisho Mwalimu akamwita mpwa wake, fundi kutoka Uthiru, akaezeka mabati ya kijani.

Barua saba za kuomba msaada hatukuwa tumezijibu. Mabati tuliyajibu kwa siku mbili. Mkubwa alinisomea onyo kali nami nikalipiga chapa: kwamba mama huyu ameharibu paa la jengo la kihistoria lililo chini ya ulinzi wa ofisi hii. Hapo vidole vyangu vikaongeza maneno ambayo hakuyasema: "pamoja na stoo yake ya makaa." Yeye alitia sahihi bila kusoma, akiwa kwenye simu, kama alivyotia sahihi kila kitu.

Nilitumwa kuipeleka barua hiyo mwenyewe, na njia nzima nilijiandaa kutukanwa. Mwalimu alivaa miwani akaisoma mara mbili akiwa amesimama mlangoni.

"Mwanangu, hapa pameandikwa 'lililo chini ya ulinzi'?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na muhuri upo."

"Upo."

Akanikaribisha chai, na kwa mara ya kwanza nikamwona akicheka.

Wiki iliyofuata tingatinga la bwanyenye lilisimama langoni kwake. Mwalimu hakubishana. Alimpa nyapara wa wabomoaji ile barua ya kumkaripia yeye mwenyewe. Nyapara akaona kwamba kama kuezeka mabati tu kumezua haya yote, kubomoa nyumba nzima kutazua nini. Akampigia bwanyenye, bwanyenye akampigia wakili wake, na kufikia saa saba mchana tingatinga lilikuwa limeondoka.

Nilikiri kwa mkubwa kuhusu yale maneno. Aliniambia nisirudie. Kwenye mkutano uliofuata aliwaeleza wageni jinsi ofisi yetu ilivyochukua hatua za haraka. Kamati nayo ikakaa, ikaiandikisha nyumba, na stoo ikapita bila swali, maana ilikuwa kwenye faili, na kilicho kwenye faili ofisini kwetu huwa ni kweli. Waliagiza tu mabati yaondolewe. Mwalimu aliwaambia waje wayaondoe wenyewe, siku ya mvua. Hawajaenda.

Siku niliyompelekea barua ya kuandikishwa alikuwa amefagia stoo. Tuliingia wote wawili tukiwa tumeinama, maana humo mtu hawezi kunyoosha mgongo, nikawaza juu ya majuma yale. Mwalimu akanitajia majina ya wale wanaume wawili na walikotoka. Ofisini hakuna aliyewahi kumuuliza. Nilirudi mjini nikayaandika kwa mkono kwenye faili, bila ruhusa ya mtu.