Mafuta Yaliyofuta Alama

Mafuta ya Isidore yalikuwa ya kijani iliyokolea, karibu na weusi, na yalinuka kama udongo wa msitu baada ya mvua. Aliyatia ndani ya vikopo vidogo vya filimu ya picha, alivyopewa bure na mpiga picha mmoja wa mjini, na watu wa Bukavu walivijua vikopo hivyo kabla hawajamjua yeye. Ukikiona kikopo cheusi dirishani mwa nyumba, ulijua kwamba humo ndani kulikuwa na mtu aliyeungua bila moto.

Karatasi za serikali zilimwita Citoyen, yaani Raia, Cishugi, kwa kuwa miaka ile ya Zaïre majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku. Mkewe Agnès hakujali. Nyumbani kwao, katika mtaa wa Muhumba, aliendelea kuwa Isidore. Alikuwa mkemia wa dawa. Alisoma Ubelgiji, akaandika tasnifu juu ya mmea wa msituni uliozuia uvimbe wa saratani katika panya, kisha akarudi wakati wenzake walipobaki huko. Akapewa maabara katika kituo cha utafiti nje ya mji: meza mbili, mzani mzuri, na umeme uliokuja ulipotaka.

Gome la mti alilolitumia lilitoka kwa Warega, watu wa msitu wa Mwenga. Wao walilipondaponda na kulipaka juu ya zona, ule ugonjwa ambao wengine huuita mkanda wa jeshi: malengelenge yanayotoka uti wa mgongo na kuzunguka ubavu mmoja, yakiwaka kama makaa. Isidore alilikausha gome, akalisaga, akaliloweka katika alkoli, akaichuja ile dondoo polepole ndani ya mrija wa kioo uliojaa unga mweupe, siku baada ya siku, mpaka akapata tabaka moja tu lenye nguvu. Profesa wake wa zamani alilijaribu kule Ulaya. Akajibu kwamba virusi vya zona vililala mbele yake kama mbwa mbele ya bwana wake.

Isidore alifurahi kwa furaha ambayo baadaye aliiona aibu kuikumbuka. Watu wenye zona walikuwa wengi. Mwanzoni hakujiuliza kwa nini walikuwa wengi hivyo, wala kwa nini walikuwa vijana. Alipokuwa mwanafunzi alifundishwa kwamba zona ni ugonjwa wa wazee.

Mmoja wa vijana hao alikuwa Floribert, Murega aliyenunua dhahabu Kamituga na kuileta mjini. Alifika uani kwa Isidore amevua shati, akitembea upande upande.

“Docteur, saidia,” alisema. “Hii kitu inaniunguza sawa vile nalalia mbabula.”

“Jiko ya mukaa ao ya petroli?” Isidore alimuuliza, akimpaka.

“Ya mukaa, Docteur! Petroli iko bei, mie niko maskini.”

Nsimire, binti ya Isidore aliyefundisha shule ya msingi huko Bagira, alikuwa akianika nguo. Alicheka. Floribert akasahau ubavu wake, akageuka kumtazama aliyecheka. Baada ya majuma machache ngozi yake ilikuwa laini kama ya mtoto, hata kovu halikubaki. Lakini aliendelea kuja.

Kwa ukoo wao, kabla ng'ombe wa mahari hawajapokelewa, shangazi wa binti hutumwa kuuliza habari za mwili wa mkwe: kama kwao kuna ukoma, kifafa, au vidonda visivyopona. Kazi hiyo ilikuwa ya Euphrasie, dada yake Isidore. Safari hii hakwenda mbali. Alikuja kuketi jikoni kwa kaka yake.

“Banasema alikuwaka na vidonda ku mbavu,” alisema.

“Alikuwa navyo. Mimi mwenyewe nilimuponesha.”

“Kwa hiyo nikiulizwa na wazee, nitasema nini?”

“Sema ngozi yake iko safi. Sema ni mimi nimesema.”

Euphrasie alipiga makofi. Ni shangazi gani mwingine aliyewahi kupewa jibu rahisi namna hiyo? Basi neno likatoka nyumbani mwa mkemia mwenyewe, likawafikia wazee, na ng'ombe wakaanza kutafutwa.

Ilikuwa miezi hiyo Isidore alipoamua kuwarudia wagonjwa wake, kuona kama dawa ilidumu. Hivyo ndivyo utafiti unavyotaka. Alianzia Kalehe, kwa mwanamke mmoja kijana aliyeuza samaki wadogo wa ziwani. Alimkuta mama yake peke yake, kichwa kimenyolewa kwa msiba.

“Karibu, Docteur,” yule mama alisema, akamshika mikono yote miwili. “Tulitaka kukuletea aksanti. Wakati tulimuosha, ngozi yake ilikuwa safi, safi kabisa. Hata alama haikukuwa. Alikonda tu, alikonda mpaka tukamubeba sawa mutoto. Lakini ngozi ulituachia muzuri.”

Isidore alirudi kwa mtumbwi. Ziwa lilikuwa tulivu mno, na utulivu ule ulimtisha kuliko mawimbi.

Huko Bagira mgonjwa mwingine alikuwa hai bado. Ubavu wake nao ulikuwa umepona vizuri. Lakini miguuni na juu ya kaakaa la mdomo alikuwa na madoa ya zambarau, mazito, kama mtu aliyeminywa na vidole visivyoonekana. Isidore aliyajua madoa hayo. Ilikuwa saratani ya ngozi ambayo tangu zamani iliwapata wazee wa upande ule wa nchi, wakaishi nayo miaka na miaka, wakalima nayo, wakafa kwa mambo mengine. Huyu hakuwa mzee. Madoa yalikuwa ya msimu uliopita tu, na tayari yalikuwa yamemmaliza.

“Dawa yako ni kali, Docteur,” kijana yule alinong'ona. “Hauna ingine ya hii?”

Hakuwa nayo. Alikuwa amesoma virusi, amesoma saratani, amesoma ngozi, kila kimoja katika kitabu chake. Sasa vilikuwa vimekutana katika mwili mmoja, na yeye alikuwa nje. Alikwenda nyumba nyingine, na nyingine. Kila mahali walimshukuru. Kila mahali kikopo cheusi kilikuwa dirishani, na mtu ama amelala chini ya blanketi mchana kweupe, ama hayupo tena.

Ndipo akaelewa. Kulikuwa na ugonjwa mwingine nyuma ya zona, ule ambao wasafiri wa Kinshasa waliutaja kwa jina fupi la Kifaransa, wakicheka ili wasiogope, na ambao redio ilikuwa haijautaja bado. Ugonjwa huo uliingia kwa siri ukabomoa ndani, na zona ilikuwa sauti yake ya kwanza, hodi yake mlangoni. Watu wangeweza kuiona alama hiyo na kujiuliza. Yeye alikuwa akiifuta.

Na nyumbani ng'ombe wa Floribert walikuwa njiani.

Alimkuta Nsimire nyuma ya nyumba akipiga pasi ya makaa kitenge cha sherehe. Alimwambia yote, kwa sauti ya chini. Nsimire hakusimamisha pasi.

“Papa, unaogopa nini? Ndio kwa sababu iko Murega?”

“Haiko kabila, mama. Iko damu.”

“Damu yake uliipima?”

“Hapa kwetu hakuna mashine ya kuipima.”

“Basi haujue.”

“Sijue. Lakini nimeona wengine.”

“Wengine haiko yeye.” Aliiweka pasi chini. “Wewe ndio ulimuambia shangazi kama ngozi yake iko safi. Leo unabadilisha? Floribert anakula, anacheka, anabeba magunia. Muangalie! Alama iko wapi?”

Alama ilikuwa imeishia ndani ya vikopo vya Isidore mwenyewe.

Siku ya mahari ukumbi ulijaa. Kwa desturi baba wa binti hasemi. Msemaji wake ni mtu mwingine, na safari hii alikuwa Benoît, jirani mwenye ulimi mwepesi.

“Tunasikiaka jogoo moja ya Mwenga inazunguka mu kiwanja yetu,” Benoît aliwaambia wageni. “Inawika asubui, inawika mangaribi. Inatafuta nini? Mahindi?”

“Mahindi tuko nayo kwetu!” msemaji wa upande wa pili alijibu. “Inatafuta kuku ya mwalimu, ile yenye inajua kusoma!”

Watu walicheka hadi machozi. Kisha kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, kikaletwa mbele ya Isidore, na mrija wake wa mwanzi. Baba akinywa wa kwanza, ndoa imefungwa. Hakuna neno linaloweza kuifungua tena. Floribert aliinamisha kichwa, amenawiri, shati jeupe.

Isidore aliushika mrija. Akautazama. Akausukuma kando, polepole, kama mtu anayeondoa unyasi usoni mwa mtoto aliyelala.

“Papa Isidore,” Benoît alinong'ona, “kunywa. Bantu banakuangalia.”

“Sinywe.”

“Ng'ombe haitoshe?” mtu mmoja aliuliza kwa sauti.

Isidore alifumbua mdomo. Alitaka kusema. Lakini angelisema nini mbele ya umati ule, juu ya kijana mwenye ngozi safi, bila kipimo, kwa jina ambalo redio haikulitaja? Angekuwa amemzika kijana wa watu akiwa hai. Akafumba mdomo. Na ukimya wake kila mtu aliujaza alivyopenda: tamaa, majivuno ya watu wa Muhumba, dharau kwa Warega. Euphrasie alilia kwa hasira. Ng'ombe wakarudishwa.

Juma hilo hilo Nsimire alipanda lori la Floribert na kwenda naye Kamituga, bila baraka ya mtu.

Isidore aliacha kutengeneza mafuta. Wagonjwa walipokuja aliwaambia gome limekwisha, akawasihi waende hospitali wakaangaliwe mwili mzima. Walikwenda kwingine wakimlaani. Agnès hakumuuliza kitu. Sahani ya Nsimire ilikaa kabatini, juu ya nyingine zote.

Mwaka wa pili, mvua zilipoanza, dereva wa Floribert alisimama langoni. Mkononi alikuwa na kikopo cheusi, kitupu, kimeoshwa.

“Tonton, nimetumwa. Banaomba mujaze hii.”

“Ya Floribert?”

“Hapana. Ya maman Nsimire.” Dereva alipeleka mkono mgongoni, akauzungusha taratibu hadi chini ya titi. “Inamuunguza hapa. Usiku halali. Amesema Papa anajua.”

Isidore alikishika kikopo. Kilikuwa chepesi kama ganda.

Katika maabara gome lilikuwepo, halijakwisha kamwe. Alilisaga, akaliloweka, akaketi kando yake siku zote ilizohitaji, huku dereva akisubiri na Agnès akiwapelekea chakula. Safari hii Agnès aliuliza.

“Si ulisema hautaitengeneza tena? Ulisema inaficha.”

“Haina kitu ya kuficha tena,” alijibu. “Sasa inatuliza tu.”

Alijaza kikopo mpaka ukingoni, akafunga kifuniko kwa kidole gumba. Dereva alinyoosha mkono kukipokea. Isidore hakumpa. Alivaa koti lake, akapanda kwenye kiti cha mbele cha lori, akaweka kikopo mapajani, akafunga mlango.

“Njia iko mubaya sana, Tonton,” dereva alisema. “Matope mpaka Mwenga.”

“Washa,” Isidore alimwambia. “Tuende.”