Wifi Gramu na Shokapu Zilizokwisha

Wifi yangu tunamwita Gramu kwa sababu hasamehi hata gramu moja. Kazi yake ni kutengeneza mizani za zahanati. Kwa miaka kumi na tisa amezunguka na pikipiki moja, ile kubwa ya safari ndefu, yenye masanduku ubavuni na kioo kipana mbele. Mita yake inasoma kilomita laki moja na elfu themanini na kitu. Hajaolewa. Ukimchokoza anakujibu, "Barabara imenioa, ila haijui kupika."

Mdogo wake ndiye mume wangu, fundi wa pikipiki. Gereji iko uani kwetu, na mimi nikiwa jikoni nasikia hata nati ikianguka. Siku moja nilimsikia Gramu akiingia, nikatoka kumpokea. Uso ulikuwa umemshuka.

"Wifi, leo nimeaibika," aliniambia hata kabla ya kuvua kofia.

Alikuwa amepeleka kwenye zahanati moja mizani ya kupimia watoto kwa kuwaning'iniza, aliyoitengeneza mwenyewe ikasoma sawasawa. Aliifunga kwenye mfuko ulio juu ya tangi. Ilipofika, ilimwongezea mtoto mchanga gramu mia mbili asizokuwa nazo. Bahati nzuri nesi alimtazama mtoto kabla ya kuamini mshale. Mtoto alikuwa dhaifu.

"Barabara imeitikisa," Gramu alisema. "Mbele panagonga chuma kwa chuma."

Mume wangu alikandamiza usukani. Pikipiki ilipiga magoti kama inayoomba radhi, kisha ikarudi juu kwa kurukaruka. Zile shokapu za mbele, miguu miwili inayoshika tairi, zilikuwa zimelowa oili.

"Dada, hizi zimekwisha. Tutafute nyingine."

Tulitafuta. Pikipiki za aina ile zilishaacha kutengenezwa, na kila duka lilitupa pole. Basi mume wangu akabadilisha sili, zile pete za mpira zinazozuia oili isitoke. Baada ya siku nne mguu wa kushoto ulikuwa unavuja. Akabadilisha tena, ukavuja tena. Mara ya tatu alifuta mikono, akashika kiuno.

"Dada, hata chuma huzeeka. Ipumzishe."

Gramu alichuchumaa, akautazama ule mguu kwa muda mrefu. "Mara zote unabadilisha kinachokatwa," alisema taratibu. "Kinachokata je?"

Mume wangu alinuna. Gramu akaomba likizo ya wiki mbili na kona moja ya gereji.

Nimeona watu wakifungua pikipiki tangu nilipoolewa hapa, lakini sijaona mtu akifungua vile. Alitandika shuka nyeupe (shuka yangu, tena bila kuniomba) akapanga kila kipande kwa jinsi kilivyotoka. Oili iliyomwagika ilikuwa nyeusi, nzito kama uji, na ndani yake kulikuwa na vumbi la chuma. Kisha akachukua pamba, akaipitisha polepole kwenye bomba la ndani, lile linalong'aa. Pamba iliteleza, ikateleza, ikanasa.

"Wifi, njoo uone mwizi!"

Niliinama sana ndipo nikaona: kishimo cha kutu, kidogo kuliko punje ya mtama. Kila tairi ilipopanda na kushuka, kishimo kile kilikuwa kinaichana sili.

Alikijaza kwa gundi ya chuma, akaiacha ikauke, akasugua kwa msasa laini uliolowa maji. Kesho yake gundi yote ilibanduka. Hakuwa ameikwangua kutu mpaka kwenye mzizi. Nilimwona amekaa juu ya ndoo, ameshika tama, nikadhani amekubali yaishe. Lakini aliinuka, akanawa mikono, akaanza upya. Safari hii ukucha ulipita juu ya ile sehemu bila kuhisi kitu.

Bushi nazo, zile pete zinazoliongoza bomba, zilikuwa zimelika. Alimpelekea fundi wa kukereza vyuma atengeneze mpya, akamrudishia mara mbili. "Imezidi unywele mmoja," alimwambia.

"Mama," yule fundi alilalamika, "hii ni pikipiki au saa ya mkononi?"

Springi alizipima kwa rula akakuta zimefupika, hivyo akakata vipande viwili vya bomba vilivyolingana akaviweka juu yake. Oili aliimimina kidogo kidogo mpaka miguu yote miwili ikawa na kimo kimoja. Mume wangu, ambaye siku zote hukadiria kwa macho, alikuwa anachungulia kwa mbali.

"Nenda ukamshikie," nilimwambia. "Aibu haifungi nati."

Akaenda. Walirudisha miguu mahali pake. Tairi ilipoingia, Gramu alimwambia akandamize usukani mara kadhaa kabla ya kukaza, ili miguu ijipange yenyewe isikae segemnege. Alikandamiza. Mbele ilishuka bila haraka, ikapanda bila haraka, ikatulia. Alirudia mara tano, na hakukuwa na sababu ya kurudia mara tano.

"Dada," alisema, "nilikuwa nimeshaizika ingali hai."

Gramu alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Alizunguka mtaa mzima, akitafuta mashimo ambayo wenzake huyakwepa, mizani ikiwa kwenye mfuko. Aliporudi mshale ulikuwa kwenye sifuri. Siku ya pili aliipeleka kwa nesi yule yule, akamwomba radhi ana kwa ana, wakampima mtoto upya. Alikuwa ameanza kuongezeka uzito, safari hii kweli.

Miezi minane imepita na sili hazijatoa hata jasho. Wiki iliyopita alikuja mteja na pikipiki ya safari kama ile, ya zamani, inavuja mbele. Nilikuwa naanika nguo, nikamsikia mume wangu akimwambia bila kumung'unya maneno:

"Iache hapa. Fundi mkubwa yuko safarini, anarudi Ijumaa."