Mitetea wa Vasemaca

Vasemaca wa bonde la Sigatoka hakuwa mtu wa kusubiri. Mitetea wake walikuwa bado wachanga, vilemba vya vichwani havijaanza hata kuiva rangi, lakini aliacha kuwapa chakula cha kukuzia akawamwagia kile cha kuku wanaotaga, akidhani watawahi kutaga. Wakaanza kuzubaa na kunywa maji kupita kiasi, kisha wakawa wanakufa mmoja mmoja.

Asubuhi alipookota mzoga mwingine, aliubeba hadi uani kwa wifi yake Litiana, jirani aliyefuga kuku pia.

"Wifi, umeniwekea sumu! Kuku wangu wamekukosea nini?"

 Litiana alichukua kisu akampasua yule kuku palepale. Figo zilikuwa zimevimba, nyeupe kana kwamba zimepakwa chokaa. Vasemaca akaziba mdomo kwa kiganja.

"Unawalisha nini?" Litiana akamuuliza.

"Cha kutagia."

"Mama yangu! Kile kimejaa chokaa ya kutengenezea maganda ya mayai. Mtetea asiyetaga ataipeleka wapi? Inamharibia figo. Sumu umeiweka mwenyewe, wifi, tena kwa mkono wako!"

Vasemaca akaketi kwenye majani yenye umande.

"Na waliobaki?"

"Warudishie cha kukuzia leo hii. Ukiona yai la kwanza, ndipo ubadilishe. Haya, niombe radhi, nina kazi."

Vasemaca aliomba radhi. Wengi walipona, wakaja kutaga vizuri. Lakini wiki ile walikufa wengine watatu, na kila mmoja Vasemaca alimpasua mwenyewe, akatazama figo zilezile nyeupe, asiamini macho yake.