Kimeng'enya cha Panya Bila Panya

Jirani walimwita Mama Pana Jambo, kwa sababu hakuamini hata kivuli chake. Siku aliyompelekea mke wa mwanawe funguo alizosahau, aliona kwenye maabara anakofanya kazi mkwewe huyo kichupa kilichoandikwa "kimeng'enya cha panya", macho yakamtoka pima. Akachungulia chini ya meza na nyuma ya jokofu. Hakuona tundu wala kinyesi.

"Panya mmewaficha wapi, mwanangu?"

Mkwewe akacheka. "Hakuna panya, mama. Tumechukua kwenye jeni za panya maelekezo ya kutengeneza protini hii, tukayatia ndani ya bakteria. Sasa wao ndio wanaotutengenezea."

"Na wenyewe wanajua?"

"Wajue wapi! Wanadhani ni kazi yao tangu kuzaliwa."

Mama akaguna. Hapa pana jambo.

Aliporudi nyumbani alimkuta mwanawe jikoni. Huyu ambaye tangu utotoni hakuwahi kuosha hata kikombe, leo anasugua masufuria huku akipiga mbinja.

"Nani kakutuma?"

"Nitumwe na nani, mama? Si kazi yangu siku zote?"

Mama akajibwaga kitini. "Yarabi! Kumbe mkeo alianzia kwako!"