Nilivyoandika kurasa 43 za session replication, na mtu mmoja tu ndiye aliyezisoma

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Niko Bujumbura, natunza server kwenye shirika moja ambalo jina mtanisamehe, maana bado nakula hapo hapo. Kisa hiki sijakitia chumvi. Natamani ningekuwa nimekitia.

Shirika linaandikisha watu wanaotaka kusomea ufundi: ushonaji, umeme, useremala. Fomu iko online, kurasa tisa, na ukiijaza bila papara ni saa nzima. Wengi hawana kompyuta, kwa hiyo wanakwenda kwenye dawati letu la Bwiza, wanajaziwa na Mama Chantal.

Mama Chantal ni mtu mzima, miwani yake ameifunga kwa uzi, na hana muda na ujinga wa mtu.

Shida ilikuwa server. Inazima inapojisikia. Ikizima, aliyefika ukurasa wa nane anarudishwa wa kwanza.

Mama Chantal alishajitafutia dawa: kaye, daftari la kawaida la shule. Kila jibu analiandika kwanza mle, ndipo analiingiza. Server ikifa, anafungua kaye, dakika kumi amemaliza.

Sisi wasomi tukaona aibu. Kaye? Zama hizi?

Direkta akaniita. "Jeune," yaani kijana, "nataka replication." Alikuwa ametoka kuisikia kwenye semina, bado ya moto.

Kwa wasio wa fani: session ni kumbukumbu ya server, inajua wewe ni nani na umefika wapi. Replication ni kuweka kopi yake kwenye server ya pili, ili ya kwanza ikizima, ya pili iendelee na wewe hata usigundue. Kitu kizuri kabisa. Ila lazima kwanza uorodheshe vyote vinavyoingia kwenye session, maana kimoja tu kikigoma kukopiwa, session nzima inabaki nyuma.

Nikaandika mpango wa kurasa nne. Direkta akauinua kwa vidole viwili.

"Apana. Hii ni barua. Document lazima iwe na uzito."

Haya. Uzito.

Nikafanya kile ambacho watu wa mashirika wote tunakijua na hakuna anayekiri. Nilichukua document ya mradi wetu wa zamani, ule wa pompe za maji kule Carama, nikaanza kubadilisha maneno. Palipoandikwa pompe nikaweka server. Karibu kote. Kurasa 43, Kifaransa cha kuvaa tai.

Ukurasa wa 6 niliweka sentensi tamu sana: kuanzia siku ya uzinduzi, agent, yaani mtu wa dawati, haandiki tena kitu kwenye karatasi, mfumo unatunza kila kitu.

Ukurasa wa 14, penye ile orodha ya vitu vya session, niliandika "à compléter". Yaani tutajaza baadaye. Baadaye yetu mnaijua.

Kisha document ikaanza kuzunguka ofisi. Hapa kwetu karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia karanga. Wakubwa watano, kila mmoja kwa mkono wake akaandika "lu et approuvé", nimesoma na nimekubali, sahihi, muhuri, pwaa! Wa sita mimi.

Ukurasa wa 23 ulikuwa bado unasema wakazi wachague kamati ya kulinda pompe. Hakuna aliyeuliza, wote tulikuwa tumesoma.

Siku ya uzinduzi Direkta aliichagua mwenyewe: siku ya mwisho ya kujiandikisha, saa tano na nusu, wakati usajili unafungwa saa sita. "Watu watakuwa wengi, itapendeza." Wageni, suti, soda.

Akaingia kwenye mfumo kwa jina lake, akachomoa waya wa server ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Akabonyeza. Jina lake bado lipo! Makofi. Na mi nikapiga, nikajiona mtu.

Kumbe session yake ilikuwa na jina lake tu.

Simu ikalia. Mama Chantal.

"We mutoto, mbona inanirudisha ukurasa wa kwanza?"

Mbele yake alikuwa dada mmoja aliyetoka Carama kwa miguu, mtoto mgongoni, anatafuta nafasi ya ushonaji. Mara yake ya tatu. Zile mbili alirudishwa kutafuta karatasi. Sasa karatasi zote anazo, zimeskaniwa, wako ukurasa wa nane. Na hizo skani ndizo zilizogoma kukopiwa.

"Fungua kaye, Mama," nikamwambia, soda mkononi.

"Kaye gani? Si mulikataza?"

"Nani alikataza?"

"Document yenu. Ukurasa wa sita. Mi niliisoma yote, siku mbili. Hata ile ya pompe niliisoma. Nikasema labda ni mambo ya ordinateur, hizi kompyuta zenu, maana mulisaini wote."

Wakuu, nikaweka soda chini, nikamwambia waanze upya, haraka.

Yeye na yule dada wakaanza. Saa sita kamili mfumo ukajifunga, wako ukurasa wa tano. Nikamkimbilia Direkta, akaniambia délai ni délai, muda ukiisha umeisha, nisimharibie sherehe.

Mama Chantal anasema yule dada hakupiga kelele. Alimfunga mtoto vizuri, akauliza kama mwakani fomu itakuwa ile ile. Ningetukanwa ningelala vizuri zaidi.

Kesho yake nikaenda Bwiza na kaye mpya. Mama Chantal hakuigusa.

"Kaa. Andika weye. Vitu vyote vyenye kuingia mu fomu."

Akanitajia kimoja kimoja, nami naandika, mpaka skani. Ule ukurasa wangu wa 14 ulituchukua dakika arobaini.

Funzo nililopata: usisaini usichokisoma, hasa kama ni wewe uliyekiandika, maana kuna mtu mahali anakuamini.

Haya, nisemeni, mgongo ninao. Ila mwenye "à compléter" yake huko kazini, akaijaze kwanza ndipo aje kunitukana.