Bunduki Ndani ya Frigo ya Samaki

Tantine yangu, dada mdogo wa baba, hutengeneza cherehani katika mtaa wa Majengo, katika chumba chenye sakafu ya mawe meusi ya volkano na mabati yanayowaka joto kuanzia saa nne asubuhi. Kabla ya cherehani alifanya kazi miaka mingi katika karakana ya silaha ya jeshi, mwanamke pekee kati ya wanaume waliomwachia vitu vidogo: springi, pini, vipande vyembamba kuliko njiti ya kiberiti. Vidole vyake vilijifunza hapo. Hadi leo, akishika chuma, hunyamaza kwanza, kama mama anayesikiliza mtoto akipumua usingizini.

Siku moja nilikwenda kwake kula sombe, mboga ya majani ya muhogo, nikawakuta wanaume wawili kutoka milima ya Masisi kwenye benchi, kila mmoja kwenye ncha yake, na katikati yao blanketi lililoviringwa. Walikuwa ndugu, baba mmoja mama mmoja. Ndani ya blanketi mlikuwa na bunduki ya wakati wa Wabelgiji, ile ya kufungua na kufunga komeo kwa mkono kabla ya kila risasi. Baba yao aliitumia kulinda ng'ombe, na karatasi zake zilikuwepo, zimefubaa lakini zipo. Chef wa kijiji chao aliwapa barua: fundi aangalie, aseme kama bunduki hii inaweza kulia pasipo mtu kugusa kifyatulio.

Kilichotokea walikieleza kwa zamu, bila kutazamana. Alfajiri, mbwa wa porini waliingia kwenye ndama. Mdogo akachukua bunduki, akatia risasi, akafunga komeo. Bunduki ikalia. Risasi ikamwangusha ng'ombe mwekundu wa pembe ndefu, fahari ya zizi lote. Na jioni iliyotangulia ndugu hao walikuwa wamegombana juu ya ng'ombe huyohuyo: mdogo alimtaka kwa mahari, mkubwa akakataa.

"Nilifunga tu, Tantine," alisema mdogo. "Kidole kilikuwa mbali. Naapa."

"Mutu anaapa na ng'ombe amekufa," alisema mkubwa. "Si ulisema kama si wako, basi si wa mutu yeyote?"

"Nilisema kwa hasira, yaya."

Yaya ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, na hata katika ugomvi ule mdogo hakuthubutu kumwita vinginevyo. Kama fundi angesema bunduki ni nzima, mdogo angehama kilima walichoachiwa na baba yao, aende popote, bila ng'ombe na bila mke.

Nakiri kwamba mimi nilikuwa nimeshaamua. Ndugu wawili, mali moja, hasira ya jioni, risasi ya asubuhi: kwa mtu anayeandika riwaya, hadithi ilikuwa imekwisha. Tantine hakuamua kitu. Alifungua komeo, akatia kidole chumbani mwa risasi kuhakikisha ni patupu, akachungulia kwenye mwanga wa dirisha, kisha akarudia yote tangu mwanzo, kana kwamba macho yake ya kwanza yalikuwa ya mtu mwingine. Ndipo alipoanza. Fungua, funga, ngoja. Akagonga kitako kwa nyundo ya mpira. Akafunga taratibu, akafunga kwa nguvu. Mara ishirini, mara thelathini. Bunduki ilitulia kama kondoo.

Mkubwa akavuta pumzi ndefu. Mdogo aliinamisha kichwa.

"Papa," Tantine akamwuliza mdogo kwa adabu ya kwetu, "asubuhi ile kulikuwa na baridi?"

"Baridi ya kwetu, Tantine. Majani yalikuwa meupe."

"Na bunduki inalala wapi?"

"Kwenye kibanda cha maziwa. Hakuna moto mule."

Tantine alitazama juu, kwenye mabati yaliyokuwa yakituoka sote, akacheka kidogo. Aliifunga bunduki katika nailoni, akavuka kichochoro, nami nyuma yake, hadi kwa mama jirani anayeuza samaki wa barafu.

"Weye! Ndani ya samaki wangu?" mama yule akapiga kelele. "Watu watasema ninauza samaki wa vita!"

"Waambie ndio maana wana nguvu," Tantine akajibu, na tayari alikuwa akisogeza maboksi ndani ya frigo.

Tulikula sombe tukingoja. Tantine aliwapa ndugu sahani moja, bila kueleza kwa nini, nao wakala kila mmoja upande wake, wakiacha mpaka katikati ya wali. Tuliomba umeme usikatike. Safari hii haukukatika.

Bunduki ilirudi ikitoa moshi wa baridi. Tantine hakuigusa sana. Alihakikisha tena kuwa haina kitu, akaielekeza kwenye rundo la magunia ya mchanga, akamwita mkubwa.

"Fungua, ufunge, halafu uondoe mikono."

Mkubwa akafanya. Akaondoa mikono. Kimya kidogo, kisha: tak.

Akarudia mwenyewe bila kuambiwa. Tak. Mara ya tatu alikunja ngumi na kuiinua juu tuone, kama mtu anayetaka shahidi. Tak.

Tantine akaifungua mezani, akatuonyesha jino dogo la chuma linalopaswa kuruka juu na kuizuia sindano isigonge risasi. Springi yake ilikuwa nzima. Lakini jino lilikuwa limezama katika utando wa manjano, mgumu kama nta, kwa hiyo lilipanda kivivu na kushika kwa ncha ya ukucha tu, kisha likateleza. Kwenye joto la Majengo utando ule ulilainika, na jino likafanya kazi yake vizuri. Alikwangua kidogo, akanusa.

"Hii si grisi. Hii ni siagi."

Mkubwa alikaa chini. Mafuta ya bunduki ya baba yao yalikwisha zamani, alisema. Siagi ndiyo waliyopaka kamba, vibuyu, bawaba za mlango, hata viatu vya kanisani. Kila Jumapili, kwa heshima ya marehemu, aliipaka bunduki pia.

"Kila Jumapili, yaya?" mdogo akauliza, na sauti yake ilikuwa kati ya kicheko na kilio. "Hata sisi watu hatukupata siagi namna hiyo."

Tantine aliosha vipande vyote kwa petroli, akaniita niandike jibu la kumpelekea chef kwa sababu mwandiko wake ni mbaya. Niliandika juu ya jino, baridi na utando. Nilipotaka kuweka nukta ya mwisho, mkubwa alinigusa bega.

"Ongeza," alisema. "Andika kwamba aliyeipaka ni mimi. Andika jina langu lote, chef asije akafikiri ni mutu mwingine."

Nikaandika. Alitia sahihi polepole, akampa mdogo wake karatasi aibebe.