Shosho, Siku Sita na Mawe

Kwa miaka mingi nimekana kwamba namwogopa mama yangu. Nimekana pia kwamba naishi Kawangware. Huwa nasema Lavington, mtaa wa matajiri, kwa kuwa ukisimama kwenye roshani yangu unaziona kuta zao vizuri sana. Hilo la pili bado nalikana. La kwanza nalikiri leo.

Binti yangu wa pili ana jina la mama, kama ilivyo desturi yetu. Mama hamwiti mjukuu, humwita "mimi". Akipiga simu kutoka Dagoretti huniuliza, "Mimi amekula?" nami najua hajisemi yeye. Na kabla mtoto hajaenda popote pa maana, mwenye jina lazima amwekee mkono kichwani na kumwombea. Alipopata nafasi ya kusomea jiolojia chuo kikuu, binti yangu aliniambia wazi: "Bila maombi ya shosho, siendi."

Shida ni kwamba mama anaamini Mungu aliumba dunia kwa siku sita za saa ishirini na nne, na kwamba haijafikisha hata miaka elfu saba. Mimi, niliyesoma, naamini Mungu huyohuyo hakuwa na haraka: alitumia mamilioni ya miaka, viumbe vikibadilika polepole mbele ya macho yake. Nimeandika makala kuhusu jambo hilo, kwa ujasiri mkubwa, katika magazeti ambayo mama hasomi.

Kwa hiyo alipouliza mtoto anakwenda kusomea nini, nilijibu, "Mawe, mama."

"Mawe ya nini?"

"Ya... kujengea."

Jumapili ya maombi alikuja na mchungaji na kikundi chake cha akina mama wa kanisa, wakajaa sebuleni. Mwenyekiti wao alisimama akamshukuru Mungu kwa kuwapa fundi wao wenyewe, maana ukuta wa kanisa ulikuwa umekwama kwenye linta, juu tu ya madirisha. Wakapiga makofi. Binti yangu akanitazama.

"Shosho," alisema, "sitajenga. Nitasoma umri wa mawe. Mengine yana mamilioni ya miaka."

Mchungaji, mtu wa amani, alisema wako Wakristo wanaoona kila siku kati ya zile sita kuwa enzi ndefu, na bado wanatoa fungu la kumi.

"Siku ina jioni na asubuhi," mama alisema. "Enzi ina jioni?"

"Lakini mama," mchungaji alisema, "jua lenyewe liliumbwa siku ya nne."

"Mchungaji, Mungu anahitaji jua ndiyo ajue ni saa ngapi?"

Akina mama walicheka hadi mmoja akamwaga chai. Mchungaji naye alicheka, akajifuta macho. Kisha mama akanigeukia. "Na wewe? Unasemaje?"

Nilikuwa na shahada mbili na bakuli la mukimo mkononi. Nikasema, "Nani nimwongeze?"

Walikula, wakaimba, wakaenda zao. Mama naye akaenda, bila kumwekea mtoto mkono. Binti yangu hakunilaumu. Aliosha vyombo vyote bila kuombwa, jambo lililonitisha zaidi, na wiki nzima begi lake likabaki tupu juu ya kabati.

Jumamosi, tukiwa tunakunywa chai, simu ikalia. Kabla mama hajamaliza kunisalimia nikaropoka: "Mama, usimkasirikie mtoto. Mimi ndiye nilimfundisha. Mimi pia naamini dunia ni kongwe."

"Najua," akasema. "Mwenyekiti hunisomea makala zako. Ni ndefu sana."

Nikaweka kikombe mezani.

"Sikukasirikia miaka yenu. Nilikasirika kuambiwa mawe ya kujengea. Mimi ni mtu wa kudanganywa?"

"Hapana, mama."

"Haya. Nipe mimi. Na wewe weka mkono kichwani mwake, wangu haufiki huko."

Nikaweka simu katikati ya vikombe, nikaweka mkono kichwani mwa binti yangu. Sauti ya mama ikapanda kama anayeongea na mtu wa ng'ambo ya bonde.

"Bwana, huyu ni mimi. Mimi nasema ni siku sita, na sitoki hapo. Akikuta ni zaidi, anipigie mimi kwanza kabla ya mchungaji. Mlinde huko kwenye mashimo. Na huyu mama yake, Bwana, mtoe uoga."

Binti yangu alisema amina kwa sauti kubwa kuliko sote. Alikuwa tayari amesimama, anaangalia juu ya kabati.